Maji Yaliyoita Watu: Kutoka Vilima vya Nyamira hadi Ghuba

Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu 598,252 katika Kaunti ya Nyamira, magharibi mwa Kenya. Ya mwaka 2019 ikahesabu 605,576. Kwa miaka kumi kaunti nzima iliongeza watu elfu saba na kitu. Katika miaka hiyo hiyo Mombasa ilitoka watu 939,370 ikafika 1,208,333. Nyamira hunyeshewa zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na mito yake haihesabiki kwa vidole. Mombasa ni kisiwa na viunga vyake, haina mto mkubwa wa maji matamu, na sehemu kubwa ya maji inayokunywa huletwa kwa mabomba kutoka mbali, mengine zaidi ya kilomita 200.

Tumezoea kuambiwa kisa cha watu na maji kwa mpangilio mmoja: watu huongezeka, maji hayatoshi, na mwisho wake watu huigeukia bahari na kuiondoa chumvi. Mpangilio huo una ukweli wake. Lakini anayeifuata historia ya vilima vya Gusii, ambamo Nyamira imo, bila haraka, kisha akaiweka kando ya historia ya nchi za Ghuba, ambako leo wapo watu wa Nyamira wanaolinda milango na kulea watoto wa wenyewe, ataona kwamba mara nyingi maji ndiyo yaliyotangulia, watu wakafuata. Shida ilianza baada ya hapo.

Mababu wa Abagusii, wenyeji wa vilima hivyo, hawakuanzia huko. Masimulizi aliyoyakusanya mwanahistoria William Ochieng', ambaye kitabu chake kuhusu Abagusii kabla ya ukoloni kilitoka mwaka 1974, yanawaonyesha wakiishi katika tambarare za Kano karibu na ziwa, kisha wakisukumwa kutoka huko. Kituo kimoja cha safari yao, Kabianga, kinakumbukwa kwa taabu tupu: baridi iliharibu wimbi, na ng'ombe wakafa. Kutoka hapo wakashika njia ya vilima wanavyovikalia hadi leo, wakagawana nchi kwa koo kubwa: Kitutu, Nyaribari, Mugirango, Wanjare, Bassi na Machoge. Kitutu na Mugirango ndio wanaojaza sehemu kubwa ya Nyamira ya leo.

Walichokikuta huko juu ni nchi isiyojua njaa ya mvua. Hewa yenye unyevu hutoka Ziwa Victoria, huegemea kwenye vilima, hupanda na kupoa, na ikifika alasiri huangusha mvua, mara nyingi na radi, na pengine mvua ya mawe. Udongo ni mwekundu, wenye kina, unaoruhusu maji yashuke taratibu hadi yakutane na mwamba au tabaka la udongo mgumu, kisha yatokeze chini ya mteremko. Ndiyo sababu karibu kila bonde lilikuwa na chemchemi yake, na kila chemchemi ilikuwa na njia iliyochimbwa na nyayo za wanawake na wasichana. Mto Gucha, unaoishia Ziwa Victoria baada ya kuipita Migori, huanzia katika vilima vya Kiabonyoru, hapo hapo Nyamira. Upande wa kaskazini Mto Sondu huichora mipaka na Wakipsigis na Wajaluo.

Watu hawakuwa wengi. Kulikuwa na msitu, kulikuwa na malisho, na vijana walikaa kwenye kambi za ng'ombe, ebisarate, wakizilinda mali za koo dhidi ya wavamizi. Waingereza walipoingia kwa nguvu, kwanza mwaka 1905 kisha 1908, baada ya mpiganaji wa Kigusii, Otenyo, kumchoma mkuki mtawala Northcote, walizitazama kambi hizo kwa wasiwasi. Vijana wenye silaha wanaoishi pamoja si jambo ambalo dola mpya hulifurahia. Muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ebisarate zikapigwa marufuku, mifugo ikarudishwa nyumbani, na malisho ya pamoja yakaanza kugeuka mashamba ya watu binafsi. Ni tukio dogo katika vitabu vya utawala. Kwa historia ya maji ni kubwa, kwa kuwa tangu hapo ardhi ya bondeni, iliyokuwa ya ng'ombe wa wote, ilianza kutafuta mwenyewe.

Sensa ya mwaka 1948 ilikuta Abagusii karibu robo milioni. Mwaka 1969 Wilaya ya Kisii, iliyokuwa bado na Nyamira ndani yake, ilikuwa na zaidi ya watu 670,000. Mwaka 1979 karibu 870,000. Mwanaanthropolojia Robert LeVine wa Marekani, aliyeishi Gusii katikati ya miaka ya 1950 na kurudi katikati ya miaka ya 1970, alikuta jamii ambamo mama kuzaa mara nane au tisa lilikuwa jambo la kawaida, na watoto wengi zaidi wakiishi kuliko zamani. Kenya nzima ilikuwa mbioni: utafiti wa uzazi wa 1977 na 1978 ulikuta wastani wa watoto wanane kwa kila mwanamke, na Kisii ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizotajwa mbele. Kahawa ilikuwa imeingia tangu miaka ya 1930, ikafuata pareto, ikafuata chai. Zahanati na chanjo zilizuia vifo. Kilichowezesha yote hayo kukaa mahali pamoja ni kwamba shamba dogo la Nyamira, likipata mvua misimu miwili, lililisha familia ambayo kwingineko ingehitaji eneo mara kadhaa ya hilo. Maji yaliita watu, na watu wakaitika hadi vilima vikajaa.

Kama palikuwa na nafasi ya kupumua, ilikuwa Borabu. Baada ya uhuru, mashamba ya walowezi yaliyokuwa huko, upande wa Sotik, yaligawiwa katika mipango ya makazi, na familia nyingi za Gusii zikapata ekari ambazo hazikuwa na mfano kwao. Hadi leo mtu akivuka kutoka Kitutu Masaba kuingia Borabu huona tofauti: nyumba zimeachana, malisho yanaonekana, ng'ombe wana mahali pa kusimama. Lakini Borabu haikuweza kuwapokea wote, na waliobaki walifanya walichofanya baba zao. Waligawana.

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa kuwa namna walivyogawana ndiyo ufunguo wa kisa chote. Shamba la kawaida la Gusii huanzia juu, kwenye barabara inayopita mgongoni mwa kilima, likashuka hadi chini kwenye kijito. Ni mpangilio wenye busara: juu nyumba, katikati mahindi na chai, chini malisho na maji. Baba mwenye wana wanne akitaka kuwatendea haki hawezi kumpa mmoja barabara na mwingine maji. Atalikata shamba kwa urefu, kila mmoja apate ukanda wake toka barabarani hadi mtoni. Wajukuu nao wakakatiwa vivyo hivyo. Usajili wa hatimiliki ulipofika katika miaka ya 1960 na 1970 uliziandika kanda hizo zilivyo. Baada ya vizazi vitatu, kijito kilichokuwa na majirani watano kina majirani arobaini, na kila mmoja anamiliki mita chache za ukingo wake kwa cheti cha serikali.

Ukanda wa bondeni ukishakuwa mdogo hivyo hauwezi tena kuachwa ukae. Mwenyewe atachimba mtaro akaushe kinamasi, apande nduma, sukuma wiki au nepia ya ng'ombe mmoja wa maziwa. Mwingine atafyatua matofali, maana udongo wa kinamasi ni mzuri kwa kazi hiyo. Na wengi watapanda mkaratusi, au bulugamu kama unavyojulikana sana nchini.

Mkaratusi haukuletwa kwa ajili ya Nyamira. Uliingia Kenya mwaka 1902 ili kuni zake ziendeshe injini za reli ya Uganda. Lakini hakuna mti uliowahi kumfaa mwenye shamba dogo kiasi hicho. Unakua haraka, haushambuliwi na ng'ombe, ukikatwa unachipua tena kisikini, na soko lake halilali. Viwanda vya chai vya Kebirigo, Sanganyi, Nyankoba na Tombe hukausha majani kwa moto wa kuni, wajenzi wanataka fito na mbao, na umeme wa vijijini ulipoanza kusambaa ulitaka nguzo. Ukipandwa juu ya kilima chenye mawe, mti huu hauna kesi kubwa ya kujibu. Ukipandwa bondeni, mizizi yake inakaa ndani ya maji mwaka mzima, na mti unaokua kwa kasi hiyo hunywa kwa kasi hiyo hiyo. Chemchemi iliyokuwa ikitiririka Januari ikawa inadondoka. Nyingine zikanyamaza kabisa hadi mvua za Machi.

Mwaka 2009, Kenya ilipokuwa katika ukame mkali, Waziri wa Mazingira John Michuki alitoa amri kwamba mikaratusi iliyo kwenye vyanzo vya maji na kingo za mito ing'olewe. Machifu wakatembea, misumeno ikalia. Lakini kukata si kung'oa, na mti niliokwisha kuutaja kwamba huchipua kisikini haukusahau tabia yake. Nadhani amri ile ilikuwa sahihi kuhusu mti na ilikosea kuhusu mtu. Ilimwona mwenye ukanda kama mhalifu aliyeiba maji, wakati alikuwa ni mrithi wa mita chache ambazo mkaratusi ndiyo mazao pekee yaliyozifanya zilipe karo ya shule.

Sasa tuiache Nyamira kwa muda twende Kuwait, inayopakana na Iraq upande wa kusini, kwenye mji usiokuwa na chemchemi ya kupigania.

Kuwait ya zamani ilijulikana vizuri pwani yetu. Majahazi yake yalifika Lamu, Mombasa na Zanzibar kwa upepo wa kaskazi, yakauza tende na kununua boriti za mikoko za kuezekea nyumba kwao. Baharia na mwandishi Alan Villiers alisafiri na moja ya majahazi hayo hadi delta ya Rufiji mwaka 1939. Mji uliokuwa ukiagiza boriti Afrika uliagiza pia maji: majahazi mengine yalikwenda Shatt al-Arab, yakajaza matangi, yakarudi kuyauza, na mwaka huo huo wa 1939 ikaundwa kampuni ya kuendesha biashara hiyo. Kisha mafuta yakapatikana. Mwaka 1953 mtambo wa serikali pale Shuwaikh ulianza kuchemsha maji ya bahari na kukusanya mvuke wake, galoni milioni moja kwa siku. Kazi ya majahazi ya maji ikaisha.

Angalia kilichofuata. Sensa ya 1957 ilikuta Kuwait na watu 206,000 hivi, wachache kuliko Abagusii wa 1948. Leo wamepita milioni nne. Gusii yote, Kisii na Nyamira pamoja, ilikuwa na watu 1,872,436 mwaka 2019. Yaani vilima vyenye mvua, katika kilele cha uzazi uliowashangaza wataalamu, viliongezeka mara saba hivi, na jangwa likaongezeka mara ishirini. Wengi wa watu hao hawakuzaliwa Kuwait, waliajiriwa. Huwezi kusema kwamba walizidi hadi maji yakahitajika. Mafuta yalitengeneza maji, maji yakatengeneza nafasi, nafasi ikaita wafanyakazi kutoka India, Misri, Ufilipino na, katika miongo ya karibuni, Kenya. Qatar, Saudia na Falme za Kiarabu zilipita njia hiyo hiyo, kila moja kwa mwendo wake. Kijana wa Ekerenyo aliyeajiriwa Doha hunywa maji yaliyokuwa bahari juzi, wala hana habari nayo, kama ambavyo nyanya yake hakuwa na habari ya tabaka la udongo lililomletea chemchemi.

Pwani yetu yenyewe iko katikati ya hadithi hizi mbili. Mombasa ilipanuka kwa bandari na reli, na maji yalifuata kwa kuchechemea. Mwaka 1957 bomba la Mzima lilikamilika, likiteremsha maji kutoka chemchemi za Tsavo ambazo hulishwa na mvua inayozama katika majivu ya volkeno ya Milima ya Chyulu. Baadaye vikaja visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki. Vyote hivyo pamoja havijawahi kulifikia hata nusu ya hitaji la mji wa leo, na wakazi wanaujua vizuri mkokoteni wa mitungi na kisima cha maji ya chumvichumvi. Kaunti ilipotangaza mwaka 2018 mpango wa mitambo ya kuondoa chumvi, mkubwa wao ukiwa wa mita za ujazo 100,000 kwa siku, watu wengi waliona ni jambo lililochelewa. Kutangaza kukawa rahisi kuliko kujenga. Muongo mpya ulianza Mombasa ikiwa bado inategemea Mzima, Baricho na visima vyake.

Mtambo uliofika kweli ni mdogo, na ulifika mahali pa mbali zaidi. Kiunga, karibu na mpaka wa Somalia, watu waliishi kwa visima vya maji ya chumvi hadi mwaka 2018, shirika la GivePower lilipofungua mtambo wa umeme wa jua unaotoa lita 75,000 kwa siku. Kwa Kiunga, penye bahari, jua na mvua haba, sioni jibu jingine lenye akili zaidi.

Je, Nyamira? Mara kwa mara husikika kwamba nyanda za juu zinaweza kuletewa maji ya ziwa. Hesabu yake haihitaji mhandisi. Mitambo ya kisasa ya kuchuja chumvi hutumia kati ya uniti 3 na 4 za umeme kwa kila mita ya ujazo ya maji. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na vijiji vingi vya Nyamira viko mita 1,900 au zaidi. Kuinua mita moja ya ujazo kwa mwinuko huo, kwa pampu nzuri yenye upotevu wa kawaida, hula karibu uniti 3. Kwa maneno mengine, kumpandishia mtu wa Nyamira maji ya ziwa ni sawa na kumtengenezea mtu wa pwani maji kutoka baharini. Hata maji ya Kisii mjini, yanayochotwa Mto Gucha pale Kegati na kusukumwa juu, yana bili ya umeme ya kumtisha mhasibu yeyote, ingawa Gucha ni jirani.

Upande wa pili wa hesabu uko juu ya mabati. Paa la mita za mraba 50, ambalo ni la nyumba ya kawaida, hupokea lita 75,000 kwa mwaka mahali penye milimita 1,500 za mvua. Ndiyo lita za siku moja za mtambo wa Kiunga. Tuseme moja ya tano imepotea kwa kumwagika na kukauka: zinabaki lita 60,000. Familia ya watu sita, kila mmoja akitumia lita 20 kwa siku, inahitaji lita 43,800 kwa mwaka. Maji yapo na yanabaki. Yanachokosa ni pa kukaa kati ya Desemba na Machi, na tangi la lita 10,000 lingeipeleka familia hiyo siku themanini na tatu bila tone jingine. Tangi hilo ni mali kubwa kwa mchuma chai, sikatai. Lakini ni mali inayonunuliwa mara moja, wala haitumi bili ya umeme kila mwezi.

Chemchemi nazo hazijafa zote. Kuilinda moja ni kazi ya mawe, saruji na bomba fupi: jicho la maji hufunikwa, mtaro huchimbwa juu yake ili maji machafu ya mvua yapite kando, na uzio huzuia ng'ombe. Kundi la wachumi, Michael Kremer na Edward Miguel wakiwemo, lilizifuatilia chemchemi karibu 200 magharibi mwa Kenya, upande wa Busia, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2011. Kulinda chemchemi kulipunguza uchafu wa kinyesi ndani ya maji kwa theluthi mbili hivi, na kuhara kwa watoto kwa robo. Walibaini pia jambo ambalo mtu wa kijijini asingeona ajabu: chemchemi iko katika shamba la mtu, ila mila haimruhusu kuwatoza majirani. Basi gharama ni ya mmoja na faida ni ya wote, na mmoja huyo huahirisha.

Nyamira ina fundo la ziada, nalo linaturudisha kwa wale elfu saba. Watu wameondoka, kwa Nairobi, Mombasa, Narok, Ghuba, hata Minnesota, na walio nyumbani wanazaa wachache kuliko mama zao. Mtu angetarajia mabonde yapumue. Lakini aliyeondoka hakuondoka na ukanda wake. Anaushikilia, maana ndiko atakakojenga na ndiko atakakozikwa, na kwa kuwa hayupo kuupalilia ameupanda mti usiotaka kupaliliwa. Hivyo mkaratusi wa mtu aliyeko Doha unaendelea kunywa Kiabonyoru wakati mwenyewe anakunywa bahari. Kamati ya majirani inayotaka kuokoa chemchemi inaweza kuwa na saruji na mawe tayari, na bado ikahitaji kibali cha ndugu watatu au wanne walioko ng'ambo kabla ya kisiki cha kwanza kung'olewa. Na swali la kwanza litakaloulizwa katika simu ya kuomba kibali hicho ni nani atalipa mbao.